Sura ya Nne: Jawabu Kutoka Ng'ambo

Katika mambo yautiayo ufundi wa mwanadamu nguvu ya kujipita wenyewe, sidhani kama liko lenye taathira kubwa kuliko kujua kwamba yuko mtu mwingine, mbali nawe, afanyaye kazi ile ile uifanyayo, na kwamba anaifanya vizuri. Husuda huiharibu kazi na uvivu huidumaza. Lakini ghera, yaani ile hamu ya kumfikia aliyetangulia na kumpita pasipo kumtakia shari, imezaa tungo na vyombo vingi ambavyo mtu aliyeketi peke yake, ameridhika na sifa za jirani zake, asingalivizaa kamwe. Wasomaji waliokulia katika malumbano ya washairi, ambao babu zao walilingoja toleo la Mambo Leo ili waone ni nani aliyelifumbua fumbo la mwezi uliopita na amelifumbua vipi, hawahitaji kuelezwa sana jambo hili.

Ushindani nitakaousimulia ulikuwa baina ya makundi mawili ya waimbaji, The Beatles wa Liverpool na The Beach Boys wa California, na kipindi chake chenye joto hasa kilikuwa kifupi, tangu Desemba 1965 hadi Mei 1967. Muziki huo ulizaliwa katika zama ambazo kijana wa Marekani aghalabu aliisikiliza redio akiwa ndani ya gari, na kwa sababu hiyo, na kwa nyingine zitakazojitokeza zenyewe, msomaji aniwie radhi nikikawia njiani kidogo penye habari za matairi.

Kundi la California liliundwa mwaka 1961 katika mji wa Hawthorne, karibu na Los Angeles, na ndugu watatu, Brian, Dennis na Carl Wilson, pamoja na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Baba wa hao watatu, Murry Wilson, alikuwa mtunzi wa nyimbo asiye na bahati, ambaye riziki yake aliitafuta viwandani na baadaye katika biashara ya kukodisha mashine. Na katika ujana wake, alipokuwa kibarua wa kiwanda cha matairi cha Goodyear, alipatwa na ajali iliyompotezea jicho moja. Alikuwa mkali kwa wanawe kupita kiasi, akajifanya meneja wao, na mwaka 1964 wanawe wakamwondoa katika kazi hiyo. Brian, mkubwa wao, ambaye ndiye aliyekuwa mtunzi, mpangaji wa sauti na msimamizi wa kila kitu kilichonaswa, alikuwa karibu hasikii kabisa kwa sikio la kulia. Basi mtu aliyekuja kuhesabiwa miongoni mwa wenye masikio makali kuliko wote katika kizazi chake alikuwa na sikio moja tu, naye ni mwana wa mtu mwenye jicho moja.

Nyimbo zao za mwanzo zilisifu mawimbi ya Pasifiki, wasichana na magari, na magari yenyewe yalitajwa kwa weledi wa mafundi wa gereji, kama asikiavyo mtu katika "Little Deuce Coupe" ya mwaka 1963. Walikuwa wamekwisha kujijengea jina nchini mwao wakati Beatles walipotua New York tarehe 7 Februari 1964, na siku mbili baadaye watu wapatao milioni 73 wakawatazama katika televisheni. Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba makundi haya mawili yalikuwa na tajiri mmoja: huko Marekani santuri za wote wawili zilitolewa na kampuni ya Capitol, nayo Capitol ilikuwa mali ya EMI ya Uingereza tangu mwaka 1955. Kwa hiyo Brian Wilson alipoona kwamba wauzaji wa kampuni yake mwenyewe wanawashughulikia wageni kwa bidii zaidi kuliko wenyeji, uchungu wake haukuwa wa bure.

Desemba 1965 Beatles walitoa albamu iitwayo Rubber Soul, na hapa ndipo kisa kinapoanza, nacho kinaanza kwa jambo la ajabu ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Albamu iliyouzwa London ilikuwa na nyimbo 14. Ile iliyouzwa Marekani ilikuwa na 12, kwa maana Capitol, ambayo kwa desturi ya biashara ya huko haikupenda kuweka nyimbo nyingi katika santuri moja, na iliyopenda kuzihifadhi zilizobaki ili itengeneze santuri nyingine ya kuuza, iliondoa nne na kuingiza mbili zilizosalia kutoka albamu ya nyuma. Miongoni mwa zilizoondolewa ni "Drive My Car", wimbo wenye kishindo uliofungua santuri ya Uingereza. Mahali pake pakawekwa "I've Just Seen a Face", wimbo wa magitaa makavu yasiyo ya umeme. Matokeo ya uchakachuaji huu, uliofanywa na makarani kwa ajili ya faida, yalikuwa kwamba santuri ya Marekani ikawa na sauti ya namna moja, tulivu, ya mbao na nyuzi, tangu mwanzo hadi mwisho, kuliko ile waliyoikusudia wenyewe.

Hiyo ndiyo aliyoisikia Brian. Alistaajabu kuona kwamba santuri nzima inaweza kuwa kitu kimoja, pasipo wimbo hata mmoja wa kujazia nafasi, ilhali desturi ya wakati ule ilikuwa kuuza wimbo mmoja mzuri ukisindikizwa na kumi hafifu. Na inasimuliwa kwamba alimwendea mkewe, Marilyn, akamwambia kuwa atatengeneza albamu itakayozishinda zote. Alilijibu neno ambalo mshindani wake hakulisema. Nami naona kwamba kosa hilo la kusikia, kama ni haki kuliita kosa, lilikuwa na manufaa kuliko usahihi wowote, kwa kuwa mtu huijibu kazi ya mwenziwe jinsi ilivyomfikia, wala hana njia nyingine.

Kabla ya kuingia studio pamoja naye imetupasa tujue ni kwa nini alikuwa na nafasi ya kuingia. Maisha ya bendi katika miaka ile yalikuwa maisha ya njiani. Beatles wa siku za mwanzo walisafiri katika gari aina ya Commer la Neil Aspinall, kijana aliyekuwa akijifunza uhasibu. Na Januari 1963, usiku wa baridi kali, walipokuwa wakirejea Liverpool kutoka London, kioo cha mbele kilipasuka, na dereva wa siku hiyo, Mal Evans, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa ufundi wa simu katika Posta, alikipiga ngumi kikatoka chote ili aone njia, akaendesha vivyo hivyo upepo wa barafu ukimpiga usoni, huku wanamuziki wanne wamelaliana nyuma mmoja juu ya mwingine kwa kutafuta joto, na aliye juu akishikwa na baridi hubadilishana na aliye chini. Si mkasa mkubwa, na hakuna aliyeumia. Lakini kila mtu aliyewahi kusafiri na vyombo vya muziki garini anajua kwamba mikasa ya namna hii ndiyo ilayo muda: kioo, radieta, betri, na zaidi ya vyote tairi.

Tairi lenyewe, ajabu iliyoje, ni mtoto wa ushindani kama huu tuusimuliao. Robert William Thomson alipata hati ya ubunifu wa gurudumu la hewa mwaka 1845, dunia haikumjali, akasahauliwa. Na mwaka 1888 daktari wa mifugo wa Belfast, John Boyd Dunlop, ambaye hakuwa na habari za Thomson, akalibuni tena kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Lilikwenda laini na mbio, ila lilikuwa na balaa moja: lilibandikwa kwa gundi katika ringi, na likitoboka, kulitoa na kulirudisha kulikuwa kazi ya nusu siku. Mwaka 1889, hivyo ndivyo isimuliwavyo, mwendesha baiskeli mmoja alifika katika kiwanda cha mpira cha ndugu Michelin mjini Clermont-Ferrand na tairi la Dunlop lililotoboka. Mafundi walifanya kazi kwa saa tatu, wakaiacha gundi ikauke usiku kucha, na asubuhi Édouard Michelin alipoipanda baiskeli ile kuijaribu, tairi likaisha pumzi kabla hajafika mbali. Mtu mwingine angalicheka. Yeye aliona yote mawili kwa wakati mmoja, kwamba kitu cha mshindani wake ni kizuri na kwamba kina upungufu, na mwaka 1891 yeye na nduguye André wakatoa tairi linalofunguka, ambalo mpanda baiskeli aliweza kulitoa mwenyewe kando ya njia, akaziba pancha, akaendelea na safari. Mwaka huo huo, katika mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi, Charles Terront alishinda akiwa na matairi ya Michelin, na aliyemfuatia, Jiel-Laval, alikuwa na ya Dunlop.

Wakafuatiliza ushindi huo kwa jambo ambalo mimi, kila nilikumbukapo, hucheka peke yangu. Mwaka 1892 waliandaa mashindano ya baiskeli kutoka Paris hadi Clermont-Ferrand, na kwa siri wakamwaga misumari njiani, ili waendeshaji watoboke matairi mbele ya watu na umati ushuhudie jinsi yanavyozibwa kwa dakika chache. Sijui msomaji ataliweka katika fungu la uerevu au la uayari. Na miaka mitatu baadaye, katika mashindano ya magari ya Paris hadi Bordeaux na kurudi, ndugu hao waliendesha wenyewe gari lao, L'Éclair, lililovishwa matairi ya hewa wakati wenzao walikuwa na matairi magumu. Walipata pancha baada ya pancha, wakabadili mipira ya ndani mpaka wakachoka, wakafika nyuma wamechelewa, na kwa hesabu ya mashindano walishindwa kabisa. Hata hivyo waliowatazama walikwisha kuona jinsi gari lile lilivyokwenda likiwa na pumzi ndani ya magurudumu, na kabla ya miaka mingi kupita matairi magumu yakatoweka katika magari ya abiria.

Nirudi studioni. Tarehe 23 Desemba 1964, ndani ya ndege iliyokuwa ikielekea Houston, Brian Wilson alishikwa na fadhaa kubwa, akalia, akashindwa kujizuia. Na tangu hapo akaacha kusafiri na kundi lake, wenziwe wakazunguka duniani na mtu mwingine katika nafasi yake, naye akabaki Los Angeles na kanda zake. Mwanzoni mwa 1966, Beach Boys walipokuwa Japani wakiimba nyimbo za zamani mbele ya umati, yeye alikuwa katika studio ya Western pamoja na wapigaji wa kukodiwa, mafundi wa daraja la kwanza kama Hal Blaine wa ngoma na Carol Kaye wa besi, akiinasa albamu ambayo wenziwe walirudi kuikuta nusu imekamilika. Maneno ya nyimbo nyingi alisaidiwa na Tony Asher, ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa kuandika matangazo ya biashara.

Vyombo alivyovitumia Brian vinastahili kutazamwa. Pamoja na fidla, filimbi na tarumbeta, ziko kengele na honi ya baiskeli. Makopo matupu ya Coca-Cola yaliyopigwa kama ngoma. Na wimbo wa mwisho, "Caroline, No", unafunguliwa na mlio mzito, mfano wa jiwe lililotupwa kisimani, ambao si kitu ila chupa kubwa ya plastiki ya maji iliyogongwa chini na Hal Blaine. Wimbo ukiisha husikika garimoshi likipita na mbwa wawili wakibweka, nao ni mbwa wa Brian mwenyewe, Banana na Louie. Watu wamezoea kusema kwamba huu ulikuwa mzaha. Mimi siuoni mzaha. Naona mtu ambaye masikio yake yalikuwa yamechoshwa na sauti zilizokwisha kutiwa majina, akaenda kuzitafuta zisizo na majina jikoni na gereji.

Na akaziunganisha zote katika mono, yaani mkondo mmoja tu wa sauti. Studio ya Columbia, ambako sauti za waimbaji zilinaswa, ilikuwa na mashine ya njia nane, yaani iwezayo kunasa sauti nane mbalimbali katika kanda moja, jambo la nadra wakati ule, hivyo kama angalitaka stereo asingalikosa zana; lakini yeye hakuweza kuisikia stereo, na tena alipendelea kwamba msikilizaji apate mchanganyiko mmoja tu, ule alioupima yeye, popote atakapokuwa. Redio za magari zilikuwa na spika moja dhaifu. Kampuni ya Motown ya Detroit ilijua hilo vizuri, ikajaribu nyimbo zake kwa spika ndogo ya gari kabla ya kuzitoa. Huu ndio upande wa teknolojia ambao wapenzi wa muziki hupenda kuudharau: kwamba umbo la sanaa adhimu lilikatwa kwa kipimo cha spika iliyofungwa chini ya dashibodi.

Albamu ile, Pet Sounds, ilitoka tarehe 16 Mei 1966. Marekani ilifika nafasi ya 10 na Capitol haikuipigia debe kwa bidii, maana wauzaji walitaka mawimbi na magari. Uingereza ilifika ya 2. Mwezi huo huo Bruce Johnston, aliyekuwa amejiunga na Beach Boys mwaka uliotangulia, aliipeleka santuri London, na katika chumba cha hoteli ya Waldorf akawapigia John Lennon na Paul McCartney, nao wakaisikiliza yote, kisha wakataka ipigwe tena. McCartney hajaacha kuisifu tangu siku hiyo, hasa "God Only Knows", na alichojifunza zaidi kilikuwa besi: namna Brian alivyoiacha noti ya besi iondoke mahali pake pa kawaida na kutembea na mahadhi yake yenyewe, mpaka chombo kilichokuwa mtumwa wa ngoma kikawa mwimbaji.

Hapa sharti nimwonye msomaji dhidi ya hadithi zilizonyooka mno. Yako masimulizi yanayoupanga ushindani huu kana kwamba kila albamu ya upande mmoja ni jibu kamili la albamu ya upande wa pili. Tarehe zinakataa. Beatles walianza kuinasa "Tomorrow Never Knows", wimbo wa ajabu kupita yote ya albamu yao iliyofuata, Revolver, tarehe 6 Aprili 1966, yaani wiki kadhaa kabla Pet Sounds haijatoka, na sauti zake za ajabu zilitokana na vipande vya kanda vilivyofungwa pete, ambavyo McCartney alivitengeneza nyumbani kwake. Kilicho kweli ni kwamba ndani ya Revolver hiyo hiyo umo wimbo "Here, There and Everywhere", ulionaswa Juni, ambao mtu aliyetoka kusikiliza sauti za California atatambua mara moja alikotoka mtunzi wake.

Zana za London zilikuwa duni kwa hesabu. Studio za EMI katika barabara ya Abbey zilikuwa na mashine za njia nne, na sheria nyingi: mafundi walivaa makoti ya kazini, na umbali wa maikrofoni kutoka kwenye ngoma uliwekewa kanuni kwa hofu ya kuharibu vyombo. Geoff Emerick, aliyepewa kazi ya kunasa sauti za Beatles akiwa na umri wa miaka 20, alizivunja kanuni hizo moja baada ya moja. Alisogeza maikrofoni karibu, akasokomeza sweta la sufu ndani ya ngoma kubwa ili mlio uwe mkavu, na kwa ajili ya besi ya "Paperback Writer" spika ikageuzwa kazi yake ikawa maikrofoni. Ken Townsend, fundi mwingine wa humo, kwa kuwa Lennon alichukia kuimba sauti yake mara ya pili ili iwe nene, alibuni njia ya kuifanya kanda ijirudufu yenyewe kwa kuchelewa kidogo sana, na uvumbuzi huo ukaenea katika studio nyingi. Naam, uchache wa njia za kanda uliwalazimisha kufikiri kabla ya kunasa; na Brian, mwenye njia nane na studio nne mjini mwake, hakulazimishwa na kitu.

Tarehe 29 Agosti 1966 Beatles nao walifanya onyesho lao la mwisho la kulipiwa, katika uwanja wa Candlestick Park mjini San Francisco, baada ya miaka ya kupiga muziki ambao wenyewe hawakuweza kuusikia kwa mayowe. Sasa pande zote mbili zilikuwa zimeshuka garini. Wiki sita baadaye Beach Boys walitoa "Good Vibrations", wimbo mmoja uliochukua miezi saba ya kazi katika studio kadhaa, ulionaswa vipande vipande na kuunganishwa kwa wembe, nao ukashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Na mwishoni mwa mwaka wasomaji wa gazeti la NME la London wakawachagua Beach Boys, badala ya Beatles, kuwa kundi bora la waimbaji duniani. Kwa Waingereza kuwanyima Beatles taji hilo katika nchi ya Beatles wenyewe ulikuwa msiba mdogo wa kitaifa.

Jawabu lilikuja Februari 1967. "Strawberry Fields Forever" ilitokana na minaso miwili tofauti kabisa, mmoja mwepesi wa vyombo vichache, wa pili mzito wenye tarumbeta na fidla za aina ya selo, isiyolingana kwa mwendo wala kwa kimo cha sauti. Lennon alipenda mwanzo wa huu na mwisho wa ule, akamtaka mwelekezi wao George Martin aiunge, kisha akaondoka zake kama kwamba ameomba kikombe cha chai. Martin na Emerick waligundua kwamba wakiuharakisha mmoja na kuupunguza mbio wa pili, mwendo na kimo hukaribiana kwa pamoja, wakaunga. Inasimuliwa kwamba Brian aliusikia wimbo huo redioni akiwa garini, akasimamisha gari kando ya njia, akasema kwamba wamekwisha kuifanya ile kazi aliyotaka kuifanya yeye. Baadaye, katika uzee wake, alikana kwamba wimbo huo ulimvunja moyo. Yote mawili yamkini.

Maana wakati huo alikuwa amezama katika Smile, albamu aliyoitunga na Van Dyke Parks na ambayo Capitol ilikwisha kuichapishia majalada kwa malaki. Ilikuwa kazi ya vipande, kila kipande kimepambwa kama kito, na hakuna aliyejua, pamoja na yeye mwenyewe, jinsi vinavyofuatana. Kulikuwa na dawa za kulevya. Kulikuwa na kesi baina ya kundi na Capitol juu ya malipo, na Mike Love aliyeuliza maana ya mashairi ya Parks wala hakujibiwa la kumridhisha. Aprili 1967 McCartney alipita Los Angeles, akampigia Brian na mkewe "She's Leaving Home" kwa piano, kabla dunia haijausikia. Na tarehe 6 Mei habari za kwamba Smile imetupwa zilichapishwa London na Derek Taylor, mtu ambaye zamani alikuwa msemaji wa Beatles, na sasa alikuwa akiwatangaza Beach Boys na kumwita Brian mjuzi asiye na kifani. Siku 20 baadaye Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ikawa madukani.

Wengi husema kwamba ushindani ndio uliomwangusha Brian Wilson. Sikubaliani nao. Ushindani ulimpa Pet Sounds, ambayo kwa maoni yangu inaipita Sgt. Pepper kwa uzito wa moyo, ingawa haiipiti kwa werevu. Kilichomwangusha ni upweke. Lennon alipoleta "Strawberry Fields Forever", McCartney alileta "Penny Lane", mahali pa Liverpool pakajibiwa na mahali pa Liverpool, katika santuri moja, kila mmoja upande wake. Na juu yao alikuwako Martin, aliyesoma muziki, wa kuwaambia kwamba jambo fulani haliwezekani au kwamba linawezekana hivi. Wao walikuwa na mshindani ng'ambo na mshindani nyumbani, na yule wa nyumbani ndiye aliyewalazimisha kumaliza. Brian alikuwa na mshindani wa ng'ambo tu. Nduguze waliimba kwa uzuri usioelezeka kile alichowapa, lakini katika chumba chake hakuwamo hata mmoja wa kumwambia kuwa kipande hiki kinatosha, sasa tuunge.

Beach Boys walitoa Smiley Smile Septemba 1967, santuri nyepesi iliyowashangaza wateja, baada ya kujitoa katika tamasha la muziki la Monterey. Mwaka 1968 Mike Love alikuwa pamoja na Beatles huko Rishikesh, India, na mwaka huo Beatles wakatunga "Back in the U.S.S.R.", wenye masihara ya wazi juu ya sauti za Beach Boys, lakini ni masihara ya watu wanaopenda wanachokiigiza. Smile ilikamilishwa na Brian mwenyewe akiwa mzee, na kuimbwa kwa mara ya kwanza London, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, Februari 2004. Alifariki Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 82.

Msomaji apendaye kuyapima haya kwa masikio yake namshauri aitafute Rubber Soul ya nyimbo 12, ile inayoanza na "I've Just Seen a Face", aisikilize yote pasipo kukata, kisha papo hapo aisikilize Pet Sounds. Na akiwa na gari, aisikilize humo. Lakini achague ile ya mono. Ile ya stereo iliyotolewa mwaka 1997 ni nzuri na imetengenezwa kwa heshima, ila McCartney hakuisikia namna hiyo katika hoteli ya Waldorf, na Brian Wilson hakuisikia namna hiyo maisha yake yote.